KLABU YA CHUPA YA MWEZI: kuuza waini nyekundu ya Hispania ukiwa Ngokolo, bila mtaji na bila kula hela ya watu



Somo la leo ni refu kidogo. Kama uko dukani na mteja kasimama mbele yako, mhudumie kwanza, hili halikimbii.

Juzi niliweka stetasi picha ya chupa ya waini nyekundu kutoka Hispania, nikaandika "chupa ya mwezi imefika". Simu haikupumzika. Wengine walitaka bei tu. Lakini wauzaji wenzangu, wa hapa Ngokolo, wa Kahama na wawili wa Geita, waliuliza kitu kingine: hiyo chupa ya mwezi ni biashara gani, na inalipa? Nina miezi kumi na moja sasa kwenye hii kitu. Inalipa. Ila kuna mahali nusura initie aibu mtaani, na hapo nitapaeleza bila kuficha.

KLABU YENYEWE NI NINI

Mtu analipa kiasi fulani kila mwezi, wewe unamchagulia chupa moja, unamfikishia. Hachagui yeye. Chupa hata supamaketi zipo. Anachokulipa wewe ni akili ya kuchagua, na uhakika kwamba tarehe fulani mzigo utafika.

Wenzetu wa nje wameanza zamani. Uingereza kuna chama kinaitwa The Wine Society, kilianzishwa mwaka 1874. Kulikuwa na maonyesho ya kimataifa pale ukumbi wa Royal Albert Hall, mapipa ya mvinyo kutoka Ureno yakabaki kwenye stoo ya chini bila mnunuzi maana watu hawakuwa wanaujua. Waliohusika wakaandaa chakula cha mchana, wakaalika watu waje waonje, na kutoka hapo chama kikazaliwa. Mwanachama ananunua hisa moja, mara moja tu, na mpaka leo chama ni mali ya wanachama. Sisi wa Shinyanga tuliokua tukisikia habari za SHIRECU na pamba hatuhitaji kufundishwa ushirika ni nini. Ila nataka uone jambo moja hapo: bidhaa ilikuwepo, ilikosa mtu wa kuieleza. Walipoonjeshwa wakanunua.

Klabu nyingi za siku hizi huko Ulaya na Marekani ziko tofauti. Unaweka namba ya kadi ya benki, inakatwa yenyewe kila mwezi. Boksi la kwanza unapewa kwa bei ya kutupa, la pili linakuja kwa bei kamili, na kujitoa ni mpaka utafute mlango. Kama una ndugu huko anataka kukusajili, mwambie asome masharti kwanza, na ajue kwamba hawaleti mzigo Shinyanga. Kwetu sisi klabu hizo zina faida ya aina nyingine: maelezo wanayoandika kuhusu kila chupa yako wazi mtandaoni, bure. Mimi nimejifunza nusu ya ninachokijua hapo, usiku, kwa bando la kulalia.

Ukitaka kumweleza mama wa Kitangili au Ndala usimtajie klabu ya Uingereza. Mwambie ni kama mchezo. Wote mnachangia tarehe moja, ila badala ya mmoja kupokea na wengine kusubiri zamu, wote mnapokea mwezi huohuo. Ataelewa hapohapo. Na ataelewa pia hatari iko wapi, maana kila aliyewahi kucheza mchezo anamfahamu mshika fedha aliyewahi kupotea na hela.

KWA NINI HISPANIA, NA UTACHAGUAJE USICHOKIJUA

Hapa ndipo wengi wanaogopa. "Mimi waini yenyewe sijui, nitamchaguliaje mtu?" Mimi nilianza hivyohivyo. Nilichagua Hispania kwa sababu ya karatasi ya kwenye chupa. Nchi ile ina eneo kubwa la mashamba ya zabibu kuliko nchi yoyote duniani, kwa hiyo aina ni nyingi na bei zake mara nyingi ziko chini ya za jirani yake Ufaransa. Lakini kubwa zaidi, sheria yao imeweka maana ya maneno ya kwenye chupa yanayosema imekaa muda gani kabla ya kuuzwa. Muuzaji mdogo ambaye hawezi kufungua chupa ishirini aonje, anaweza kusoma.

Anza na eneo linaitwa Rioja. Linatamkwa "Rioha", tafadhali, usije ukamtamkia mteja wa mgodini "Rioja" yenye j ya juma akakucheka. Liko kaskazini, bonde la mto Ebro. Zabibu yao kuu ni Tempranillo, tamka "Tempraniyo", jina linatokana na neno lao la "mapema" kwa sababu inaiva mapema kuliko zabibu nyingine. Kwenye chupa ya Rioja nyekundu tafuta maneno haya.

Crianza: imekaa angalau miaka 2, na mwaka 1 kati ya hiyo imekaa ndani ya pipa la mwaloni. (Mwaloni mti, si Mwaloni ya Kirumba kwenye dagaa.) Reserva: angalau miaka 3, mwaka 1 ndani ya pipa. Gran Reserva: angalau miaka 5, miaka 2 ndani ya pipa. Isiyo na neno lolote kati ya hayo kwa kawaida ni changa, wenyewe wanaiita joven, inanyweka mapema na haina makuu.

Sasa geuza chupa nyuma. Rioja wanabandika kikaratasi cha chama chao cha kudhibiti ubora, na rangi yake inakueleza hata kama umesahau maneno yote: kijani ni ya kawaida, nyekundu ni Crianza, damu ya mzee ni Reserva, bluu ni Gran Reserva. Mimi huwa namwomba muuzaji wa jumla anipigie picha ya NYUMA ya chupa. Ya mbele ni mapambo. Ukiomba ya nyuma tu, anajua anaongea na mtu anayejua kazi yake, na bei anayokutajia inakuwa ya mtu anayejua kazi yake.

Maneno mengine ya kukariri: tinto ni nyekundu, blanco nyeupe, rosado ya waridi. Seco ni kavu, semiseco ina utamu kidogo, dulce ni tamu. Cosecha au vendimia na namba ya mwaka ni mwaka zabibu zilipovunwa. Bodega ni kiwanda chenyewe. Roble maana yake imepita kwenye pipa miezi michache tu.

Mtu akishaizoea Rioja, ndipo umtembeze, na kutembeza ndiyo utamu wa klabu. Ribera del Duero wanatumia zabibu ileile ya Tempranillo ila wenyewe wanaiita Tinto Fino, na waini yake huwa nzito kidogo. Toro wanaiita Tinta de Toro. Zabibu moja, majina matatu, kama samaki mmoja anavyobadilishwa jina kila ukihama mwalo. Garnacha ni zabibu nyingine kabisa, laini mdomoni, inanukia matunda, lakini angalia asilimia ya kilevi maana mara nyingi inafika 14 na kupita. Mencía ya kule Bierzo, kaskazini magharibi kwenye ubaridi, ni nyepesi.

Ninayoipenda mimi ni Jumilla, tamka "Humiya". Ni kusini mashariki, sehemu kame, mvua yake ni kama milimita 300 kwa mwaka, chini ya hata sisi tunaolialia ukame. Zabibu ya kule inaitwa Monastrell, inapenda jua kama mtama. Waini inatoka nyeusi, nzito, na bei yake mara nyingi ni nafuu kuliko Rioja yenye jina. Wateja wangu wakisikia habari ya jua na ukame wanaipenda kabla hata hawajafungua. Ardhi yao wanaijua.

Priorat achana nayo kwa sasa. Ni nzuri, ina hadhi ya juu kabisa sawa na Rioja, lakini bei yake itakutoa jasho.

UKAKASI

Tuseme ukweli. Mteja wetu wa kawaida akisikia waini nyekundu anafikiria tamu. Four Cousins ya Afrika Kusini imetuzoesha hivyo, na si dhambi. Waini nyekundu ya Hispania karibu yote ni kavu. Ukimpelekea bila kumwandaa, atapiga funda la kwanza na kukuandikia "Dada hii imechacha". Mwezi wangu wa kwanza niliambiwa hivyo na watu watatu kati ya sita.

Haijachacha. Ule mkazo unaoshika ulimi ni ukakasi, unatoka kwenye maganda ya zabibu na kwenye pipa. Ni sawa na chai ya rangi iliyochemka mno, au ukila bibo lisiloiva vizuri. Ukimweleza mteja mapema kwamba atausikia, na kwamba unatulia ukila nyama yenye mafuta, hatakwambia imechacha. Atakwambia "kweli nimeusikia". Ni chupa ileile, umebadilisha ujumbe tu.

Kwa hiyo mwanachama mpya usimpe Reserva. Mpe Garnacha changa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili Crianza ya Rioja, ambayo kwa desturi inakaa kwenye mapipa ya mwaloni wa Marekani na kutoa harufu ya vanila na nazi. Wapwani waliohamia huku wanaitambua nazi mara moja. Mzito mpelekee mwezi wa nne, akishakuwa wako.

Jambo la pili, joto. Vitabu vyote vinasema waini nyekundu inywewe ikiwa kwenye joto la chumba. Chumba cha nani? Cha kwao ni nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Ngokolo mwezi wa kumi ni zaidi ya 30. Mwambie mteja aweke kwenye friji nusu saa kabla ya kufungua. Ikinywewe na joto letu inanukia spiriti, na lawama ni zako.

Joto hilohilo linaua mzigo njiani. Katoni yangu inatoka Dar kwa basi. Kuna mwezi ilifika usiku wa Ijumaa, mimi nikaenda kuichukua Jumapili mchana kwa sababu nilikuwa na msiba. Ilikuwa imewekwa nje chini ya bati. Chupa mbili kizibo kilikuwa kimesukumwa juu na zinavuja, na zile zilizobaki, tulipofungua moja, zilikuwa na ladha ya zabibu zilizopikwa. Sikuwapelekea watu. Nilikula hasara ya katoni nzima. Tangu hapo naagiza mzigo upande basi la kufika usiku, na nafuata usiku huohuo hata kama kuna mvua. Nyumbani chupa zinalala ubavu, chini ya kitanda cha chumba kisichopigwa na jua la jioni, ili kizibo kisikauke.

NA DODOMA JE?

Kuna dada wa Geita aliniuliza kwa nini nahangaika na Hispania wakati Dodoma iko njiani hapo. Swali zuri, na jibu langu ni kwamba sijaiacha. Kila mwezi wa tatu chupa ya klabu inatoka Dodoma. Zabibu kule zilianza na wamisionari wa Kiitaliano miaka ya 1950, pale Bihawana, na leo kuna zabibu nyekundu inaitwa Makutupora, jina la mahali palepale kilipo kituo cha utafiti. Hispania wanavuna mara moja kwa mwaka. Dodoma wanavuna mara mbili. Wanachama wangu wengi hawakuwa wanalijua hilo.

Kibiashara kuna sababu pia. Kwa miaka mingi sheria yetu ya ushuru wa bidhaa imeutoza mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani kiasi kidogo sana ukilinganisha na ule wa nje. Kwa hiyo mwezi wa Dodoma naweka chupa mbili kwa bei ileile ya mwezi, na bado nabaki na faida. Wanachama wanafurahi kweli mwezi huo. Na mwezi unaofuata wakipata Tempranillo wana kitu cha kulinganisha nacho, si maneno yangu tu.

HESABU

Nitatumia namba za mfano, wewe weka za kwako. Wanachama 12, kila mmoja 50,000. Jumla 600,000.

Katoni ya chupa 12, tuseme kila chupa umeipata jumla kwa 34,000, ni 408,000. Nauli ya mzigo 15,000. Bodaboda wa kusambaza, wastani 2,000 kwa kila chupa, 24,000. Mfuko wa karatasi na kadi ndogo ya maelezo 1,000 kila mmoja, 12,000. Makato ya kutuma na kutoa hela 8,000. Hapo umetumia 467,000, umebaki na 133,000. Tenga 20,000 ya chupa itakayovunjika, maana itavunjika. Bando 10,000. Imebaki 103,000. Duka ninaloshirikiana nalo linachukua 3,000 kwa chupa, ni 36,000. Mkononi inabaki 67,000.

Si hela ya kujengea nyumba. Lakini angalia vizuri: katika hesabu hiyo yote, mtaji wangu uko wapi? Haupo. Watu wamelipa kabla. Hakuna mzigo wa kulala, hakuna kukopesha, hakuna "nitakupa mwisho wa mwezi". Kazi yenyewe ni siku nne au tano kwa mwezi, nyingine naendelea na mikoba yangu. Ndiyo maana naipenda hii biashara, na ndiyo maana ilitaka kuniumbua.

MWEZI WA TATU

Nilikuwa na wanachama 11. Tarehe 28 michango ilikuwa imetimia, 550,000, iko kwenye simu yangu, laini yangu ya kila siku. Mzigo huwa naagiza tarehe 2. Katikati hapo, dada mmoja wa Kahama alikuwa anafunga duka, anauza mikoba kwa bei ya kutupa. Mikoba kumi, 220,000. Nikajiambia nitaiuza ndani ya siku nne, nirudishe hela, nibaki na faida juu. Nani asingejiambia hivyo?

Ndani ya siku nne niliuza mikoba mitatu.

Tarehe 2 ikapita. Tarehe 5 muuzaji wa Dar akanipigia kama bado nautaka mzigo. Nikamwambia kesho. Tarehe 10, siku ya kupeleka chupa, grupu lilikuwa kimya, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele. Nikaandika kuna changamoto ya usafiri. Uongo. Nikaenda kukopa kwenye kikoba, kwa riba, nikaagiza, mzigo ukafika na nikausambaza tarehe 19. Siku tisa nyuma.

Hakuna aliyegomba. Wanne walipokea chupa zao, wakasema asante, halafu mwezi uliofuata wakatoka kwenye grupu bila neno. Mmoja alikuwa muuguzi ambaye yeye ndiye aliyewaleta hao watatu wengine, wenzake wa kazini. Sikupoteza chupa nne. Nilipoteza wodi nzima.

Ile hela haikuwa mtaji wangu. Haikuwa hata mauzo yangu. Mpaka chupa ifike mkononi mwa mtu, ile ni hela ya mtu iliyolala kwangu. Nilikuwa nalijua hilo kwa mdomo, kama tunavyolijua wote.

Nilichobadilisha: siku hizi wanachama wanalipa moja kwa moja kwenye lipa namba ya duka ninaloshirikiana nalo, na duka ndilo linalomlipa muuzaji wa Dar tarehe 29, siku moja baada ya kufunga michango. Mimi hela ya klabu siishiki. Napata changu chupa zikishafika. Risiti ya katoni naipiga picha na kuiweka kwenye grupu siku hiyohiyo, na mzigo ukifika nachukua video nikifungua katoni, bila mapambo, saa nne usiku na kanga begani. Na mzigo ukichelewa nasema umechelewa kwa sababu gani, siku ileile, kabla mtu hajauliza.

LESENI NA MENGINE YA KUKUFUNGA

Usiuze kilevi bila leseni ya vileo. Leseni ya biashara ya nguo au vipodozi haikufunikii hapa, na kusema "mimi nauza mtandaoni tu" hakukusaidii. Ndiyo sababu kubwa mimi nashirikiana na duka lenye leseni: mauzo yanapita kwao, risiti inatoka kwao, mimi nachagua, naeleza na kuratibu. Kama huna duka kama hilo, nenda halmashauri uulize masharti ya leseni ya kwako kabla hujachukua hata shilingi ya mtu.

Angalia stempu ya kodi ya kielektroniki ya TRA kwenye kila chupa, za nje na za ndani. Kuna programu ya simu ya TRA inaitwa Hakiki Stempu, unaskani, inakuonyesha. Nafanya hivyo mbele ya boda aliyeniletea mzigo. Chupa isiyo na stempu inarudi ilikotoka, hata kama bei yake inakutekenya.

Kanuni za Meta haziruhusu kuweka pombe kwenye Marketplace ya Facebook wala kwenye katalogi ya WhatsApp, na namba yako ya biashara inaweza kufungiwa ukapoteza mpaka wateja wa mikoba. Kwa hiyo kwenye katalogi yangu waini haimo kabisa. Grupu ni la kuelezana kuhusu waini, malipo na mauzo ni dukani.

Mtoto chini ya miaka 18 hapokei chupa. Boda wangu anajua: akimkuta mtoto pekee getini, anarudi nayo. Na usimwongeze mtu kwenye grupu bila kumuuliza. Shinyanga hii ina watu wengi ambao dini au afya haiwaruhusu, na mwingine anakunywa ila hataki shemeji yake aone. Stetasi ya waini naificha kwa watu fulani. Mama mkwe wangu yumo.

UJUMBE WA KUTUMA

Mtaniomba, kwa hiyo huu hapa. Ubadilishe upendavyo.

"Habari za asubuhi. Chupa ya mwezi huu ni Jumilla kutoka Hispania, zabibu Monastrell. Ni kavu, nyeusi, ukakasi utausikia kidogo. Inafaa sana kwa mbuzi wa kuchoma. Iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kufungua. Kulipia mwisho tarehe 28, chupa itakufikia tarehe 10. Ukitaka kupumzika mwezi huu niambie kabla ya tarehe 25, nafasi yako haipotei."

Hiyo sentensi ya mwisho usiitoe. Nilipoanza niliogopa, nikadhani wote watapumzika. Kwa mwezi wanapumzika mmoja au wawili, wakati wa ada za shule wanaongezeka, halafu wanarudi. Anayejua anaweza kupumzika hana haja ya kukimbia.

Wa Geita na Mwadui: nauli yenu ya mzigo ni tofauti, msichukue hesabu yangu ya boda kama ilivyo. Kusanyeni watu wa sehemu moja, ofisi moja au nyumba za kampuni, katoni ifike kwa mtu mmoja, wengine wachukue kwake. Na hakikisheni kila anayejiunga ana opena ya kuzungusha. Waini nyingi za Hispania zina kizibo, si mfuniko wa kuzungusha kwa mkono, na kuna mwanachama wangu wa Lubaga alikisukuma ndani kwa msumari, akanywa na vipande.

Yule muuguzi, kwa wanaotaka kujua, alinitumia ujumbe mwezi wa nane. Hakuuliza bei. Aliuliza, "Bado mnapeleka tarehe 10?" Nikamtumia picha za risiti za miezi minne. Amerudi yeye na mwenzake mmoja. Wale wengine wawili bado.